Mdogo wangu uliyeishia Rhino Point, hii ni yako

Juzi usiku nilipata ujumbe kutoka kwa msomaji mmoja, binti wa miaka ishirini na kitu aliyekwenda kupanda Mlima Meru akageukia njiani. "Dada, nimerudi kutoka Meru. Niliishia Rhino Point. Wenzangu wote walifika kileleni. Naona hata aibu kumwambia mama." Nilikaa kitako kitandani nikausoma mara tatu. Miaka mitatu iliyopita ningeweza kuuandika mimi, mama yangu akiwemo.

Mimi ni mtoto wa Arusha. Mlima Meru nimeuona kila asubuhi nikienda shule, na kama wenzangu wengi niliuchukulia kama ukuta wa nyumba ya jirani. Watu wanauita mlima wa mazoezi kabla ya Kilimanjaro. Sipendi kabisa kauli hiyo. Meru unazidi mita 4,560, ni wa pili kwa urefu nchini, na njia yake ya mwisho inakutaka moyo kuliko njia ya kawaida ya Kilimanjaro. Nasema hivyo nikiwa nimepanda yote miwili.

Safari ya kwanza tulikuwa kumi, wafanyakazi wa ofisi moja, na tulichagua siku tatu ili kuokoa likizo na hela. Siku mbili za mwanzo sitazisimulia sana. Unaanzia geti la Momella, kwenye mita 1,500 hivi, unatembea na askari wa hifadhi mwenye bunduki kwa sababu ya nyati, unalala kambi ya Miriakamba, kesho yake ngazi za mbao zisizoisha mpaka kambi ya Saddle, mita 3,570. Tulikwenda mbio. Kulikuwa na kaka mmoja kwenye kundi aliyetaka tuwe wa kwanza kila mahali, na hakuna aliyemwambia apunguze, mimi nikiwemo. Jioni kichwa kilinigonga, chakula hakikupita, nikanyamaza nisionekane dhaifu.

Saa saba usiku tukaondoka. Rhino Point nilifika, karibu mita 3,800. Baada ya hapo njia inateremka kidogo, kisha unaingia kwenye mgongo wenyewe wa mlima, ukingo wa kreta, yaani bonde kubwa la volkano. Kushoto kwako ni shimo. Upande wa mashariki wa mlima huu uliporomoka maelfu ya miaka iliyopita, na ukuta uliobaki unashuka zaidi ya mita elfu moja hadi kwenye sakafu ya kreta. Kulia ni mteremko wa majivu na kokoto. Katikati mna mwamba mtupu, mweusi, wenye barafu nyembamba alfajiri. Nilimulika tochi kushoto nione kilichopo. Mwanga haukugusa kitu. Magoti yakaanza kutetemeka, nikakaa chini, nikashika jiwe kwa mikono miwili kama mtoto anayeshika kanga ya mama yake, na sikuweza kuliachia mpaka mwongozaji msaidizi alipokuja kunirudisha.

Wenzangu walishuka wakiimba. Jioni picha zikajaa kwenye kundi letu la WhatsApp, na mmoja akaandika: "Meru si wa kila mtu." Sikumjibu. Mpaka leo sijamjibu, na sitasema limeisha moyoni, kwa sababu halijaisha.

Februari mwaka huu nilirudi. Safari hii nilikwenda na mwongozaji wangu peke yangu, siku nne, nikapanga iangukie mbalamwezi. Tulitembea taratibu mpaka nikaona haya. Tulipofika Saddle nilikunywa chai, nikala bisi, kisha badala ya kulala tukapanda Meru Ndogo, kilele kidogo cha jirani, mita 3,820, tukakaa kidogo juu, tukashuka kulala. Hiyo ndiyo siri ambayo kundi letu la kwanza liliiruka: mwili upande juu kidogo, ulale chini, ili uzoee hewa ya juu. Usiku kichwa kilikuwa chepesi na nilikula uji wote.

Kwenye mwamba mwongozaji aliniambia, "Dada, tazama visigino vyangu tu. Kreta utaiona asubuhi, haihami." Nikavitazama visigino vyake. Kiatu cha kulia kilikuwa na uzi mwekundu ulioshonwa pembeni, na nadhani nitaukumbuka uzi ule mpaka nizeeke. Fimbo tulizifunga kwenye begi, kwa sababu pale mikono inahitajika kwenye jiwe. Mkono mmoja, mguu, mkono wa pili, mguu. Sikuhamisha kiungo kabla ya vitatu vingine kutulia.

Jua lilichomoza tukiwa bado njiani. Kilimanjaro ikatokea mashariki juu ya mawingu, na chini yetu, ndani ya kreta, koni ya majivu ya volkano, imesimama kama kichuguu kikubwa cha kijivu. Nilikaa nikalia. Saa mbili kasoro nikashika kibao cha kileleni. Socialist Peak. Nilifika, jamani. Mimi yule wa "si wa kila mtu."

Basi mdogo wangu, nisikilize. Nenda polepole. Nenda siku nne, usikubali tatu hata wakikupunguzia bei. Kichwa kikiuma sema, sema siku hiyohiyo, usingoje kileleni. Chupa ya maji iweke kichwa chini ndani ya begi, kwa sababu barafu huanzia juu, na mdomo wa chupa utabaki wazi. Na tunza nguvu za kushuka. Wengi wanaamini kazi imeisha kileleni, kumbe mgongo ule ule unaurudia mchana, sasa unaona kila kitu, shimo liko kulia, na miguu imechoka. Mimi niliogopa zaidi wakati wa kurudi kuliko usiku. Nenda polepole hapo pia.

Na ninyi mnaopanda kwa makundi, acheni kumwacha mtu. Tafadhali. Mlima haukimbii, na picha mnayoipiga bila mwenzenu aliyekaa gizani akishika jiwe haiwapi heshima yoyote. Anayetembea taratibu kuliko wote awekwe mbele, yeye ndiye apange mwendo. Tumelelewa hivyo nyumbani, tukiwa na mgeni au mtoto njiani tunamsubiri. Kwa nini tukivaa buti za milimani tunasahau?

Mama mwambie. Mimi nilikaa miezi minne bila kumwambia wangu, na siku niliyomwambia aliuliza kitu kimoja tu, kama nilikuwa na sweta.

Glavu nzito ninazo jozi mbili, na fimbo zangu utazikuta Arusha. Ukipata likizo niandikie mapema, tutazame kalenda ya mwezi pamoja.