Kwa anayeanza mandolini ya bluegrass: usikimbilie solo

Usiku ule niliponunua mandolini yangu ya kwanza, kile chombo kidogo cha nyuzi cha ukoo wa gitaa, nilizitoa nyuzi zote nane kwa mkupuo mmoja. Nilitaka kuweka mpya. Nilipofungua uzi wa mwisho, kile kidaraja cha mbao kinachobeba nyuzi kikaanguka kitandani, nikajua nimeshaharibu chombo cha watu. Kumbe kidaraja cha mandolini hakigundishwi. Kinashikiliwa na mkazo wa nyuzi, basi. Nikakirudisha mahali nilipokisia kwa macho, na kwa wiki mbili nikawa napiga sauti zilizopinda huku nikiyalaumu masikio yangu. Mwisho mzee mmoja kwenye kikao cha Alhamisi cha kupiga muziki pamoja aliichukua mandolini mikononi mwangu bila kuomba, akalegeza nyuzi kidogo, akakisukuma kidaraja kwa kidole gumba, upana wa punje ya mchele. Akapiga uzi mtupu, bila kuubana, akapiga uzi uleule kwenye freti (vile vichuma vya shingoni) ya 12, akasikiliza, akasukuma tena, akanirudishia. Hakusema neno.

Kwa hiyo badilisha uzi mmoja, ukaze, ndipo uguse wa pili. Hilo nimelitoa njiani mapema kwa sababu ndilo kosa ambalo kila mtu hulifanya na hakuna anayelikiri.

Mimi nililelewa Nakuru, kwenye nyumba ya kaseti za Jim Reeves na Charley Pride. Mkenya wa rika langu hahitaji kuelezwa zaidi. Nilikuja Johnson City, Tennessee, kusomea uhasibu, bila kujua kwamba chuo chenyewe, East Tennessee State University, kina programu ya bluegrass, muziki wa ala za nyuzi wa milima ya huku, iliyoanzishwa mwaka 1982 na Jack Tottle, mpiga mandolini na mwalimu. Nilikuwa natafuta ofisi ya kulipia karo. Nikapita mlango uliokuwa wazi, na karo ikasubiri hadi saa nane. Leo nina wanafunzi kumi na saba, bendi ndogo ya wikendi, na vijana wa nyumbani wanaoniuliza jambo lilelile: nianze na solo gani?

Usianze na solo.

Bendi ya bluegrass haina ngoma. Kuna banjo, fidla, gitaa, besi na mandolini, na kiti cha mpiga ngoma kiko tupu. Anayekikalia ni wewe. Besi inapiga kwenye moja, mandolini inajibu kwenye mbili, kwa pigo kavu wanaloliita chopu. Ukiisikia kwa mbali ni kama mtu anakatakata sukuma wiki kwenye ubao: dum-chak, dum-chak. Katika wimbo wa dakika tatu, solo yako huenda ikachukua sekunde ishirini. Dakika zote zilizobaki wewe ni ngoma, na watu watakuita tena au hawatakuita kwa sababu ya hizo dakika zilizobaki.

Chopu inapigwaje? Chukua kodi ya G, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja (si zile kodi za KRA, watoza ushuru wa Kenya). Nyuzi nane ziko jozi nne: G nene, D, A, na E nyembamba. Kidole cha shahada freti ya 2 kwenye nyuzi za A, cha kati freti ya 3 kwenye nyuzi za E, cha pete freti ya 5 kwenye nyuzi za D, na cha mwisho freti ya 7 kwenye zile nene za G. Utalia. Kila mtu hulia. Anza bila kidole cha mwisho, kitakuja chenyewe baada ya miezi. Piga mara moja kuelekea chini, na papo hapo legeza vidole vya kushoto bila kuvitoa kwenye nyuzi, ili sauti ife. Siri iko hapo: mkono wa kulia unazaa sauti, wa kushoto unaizika. Ukichelewa kuizika, bendi nzima inasikika kama inaburuta viatu. Na kwa kuwa hakuna uzi hata mmoja ulioachwa mtupu, umbo hilohilo ukilisogeza freti mbili mbele ni A, mbili tena ni B. Hiyo B utaihitaji, maana Bill Monroe, baba wa muziki huu, aliimba juu sana na alizipenda funguo, yaani sauti za msingi za wimbo, zilizowatesa wapiga gitaa.

Mazoezi yangu ya mwaka wa kwanza yalikuwa haya, na ndiyo ninayoyatoa hadi leo: metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mdundo, kwenye mapigo 60 kwa dakika, lakini jiambie kwamba kila mlio ni mbili, si moja. Ile moja uitafute mwenyewe kimoyomoyo. Dakika kumi, kodi moja. Inachosha ajabu. Mke wangu alikuwa akihamia jikoni.

Huyu Monroe alizaliwa Rosine, Kentucky, mwaka 1911, kitinda mimba wa watoto wanane. Kaka zake Birch na Charlie walikuwa wameshachukua fidla na gitaa, yeye akabakiziwa mandolini, na inasimuliwa kwamba walimtaka aifunge nyuzi nne tu badala ya nane ili asiwapigie kelele. Aliyebakiziwa ndiye bendi yake, Blue Grass Boys, ikaupa muziki huu jina. Mwaka 1939 alikuwa ndani ya Grand Ole Opry, kipindi kikubwa cha redio cha Nashville. Ile mandolini yake maarufu, Gibson F-5 ya mwaka 1923 yenye sahihi ya Lloyd Loar, mhandisi wa Gibson, aliikuta inauzwa kwenye kinyozi huko Florida. Siku hizi chombo cha aina hiyo chenye sahihi hiyo kinauzwa zaidi ya dola 100,000, kwa hiyo ukiingia kinyozi popote, angalia ukutani.

Wenyeji wataniuliza, kwa heshima lakini wataniuliza, Mwafrika na muziki huu wapi na wapi. Huwa naanza na banjo, ambayo mababu zake walivuka bahari pamoja na watumwa kutoka Afrika Magharibi. Kisha namtaja Arnold Shultz, mtu Mweusi wa Kentucky, mpiga gitaa na fidla aliyefariki mwaka 1931. Monroe akiwa kijana alipiga naye kwenye dansi za vijijini, na alipokuwa mkubwa alisema wazi kwamba alijifunza kwake. Baada ya hapo swali huwa linaisha, tunapiga.

Ila ukitaka maisha ya kuyachunguza kama mtu anayejitafutia riziki, acha ya Monroe, chunguza ya Roland White. Alizaliwa Madawaska, Maine, mwaka 1938, na akiwa kijana familia ikahamia California, mbali kabisa na milima ya muziki huu. Alipiga mandolini na wadogo zake, Clarence kwenye gitaa na Eric kwenye besi. Jeshi likamchukua miaka miwili. Aliporudi, bendi yao ya Kentucky Colonels ikarekodi mwaka 1964 albamu ya ala tupu ambayo wapiga gitaa bado wanaifuata noti kwa noti, halafu kazi zikakauka. Mwaka 1967 nafasi ikatokea kwa Monroe. Nafasi ya gitaa! Mpiga mandolini huwezi kuajiriwa mandolini na Monroe, kwa sababu Monroe ndiye mandolini. Roland akashika gitaa, akasimama kando ya mkono ule wa kulia karibu miaka miwili, usiku baada ya usiku, akilipwa kuutazama. Alipotoka hapo Lester Flatt, mkongwe mwingine wa bluegrass, akampa mandolini.

Maisha hayakumpapasa. Mwaka 1973 ndugu hao walikuwa wameanza tena kupiga pamoja, wakawa wanapakia vyombo baada ya onyesho Palmdale, California, gari la mlevi likamgonga na kumuua Clarence akiwa na miaka 29. Roland akaendelea: bendi za Country Gazette, Nashville Bluegrass Band, kisha vitabu vya masomo na wanafunzi nyumbani Nashville na kwenye kambi za muziki. Mwaka 2017 aliingizwa kwenye orodha ya heshima ya chama cha kimataifa cha bluegrass. Alifariki mwaka 2022. Ninapomwambia mwanafunzi ajifunze pia gitaa la kushindilia mdundo, ni yeye ninayemfikiria.

Sasa vikao. Hapa ndipo watu wa kwetu tunaumia, kwa sababu hakuna anayekuambia sheria. Mnakaa duara. Anayeanzisha wimbo ndiye bosi wa wimbo huo: anataja ufunguo, anaanza, na anagawa solo kwa kukutazama au kwa kuinua kidevu. Ukitikisa kichwa kukataa hakuna anayekudharau. Mtu akiimba, shusha sauti. Banjo ikipewa zamu, rudi kwenye chopu. Mguu wa bosi ukiinuka, wimbo unaisha raundi hiyo. Kodi zinatajwa kwa namba, moja, nne, tano (do, fa, so), kwa hiyo jifunze kuhesabu ngazi ya sauti kabla hujaenda.

Kikao changu cha kwanza nilipiga solo juu ya sauti ya mama aliyekuwa akiimba wimbo wa kanisani. Nilidhani nampamba. Hakuna aliyenikemea, Wamarekani wa milimani ni wapole kupita kiasi. Ila Alhamisi iliyofuata, na iliyofuata tena, kidevu hakikunielekea. Miezi miwili nilipiga chopu tu. Siku mama yule aliponigeukia mwenyewe na kunipa zamu, nilipiga melodia ya wimbo kama ilivyo, noti chache, nikanyamaza. Sijawahi kupiga solo bora kuliko ile.

Upande wa pesa sitakuficha. Jukwaa linalipa mafuta na chakula. Karo ya watoto inalipwa na kufundisha. Wapiga hodari wa mji wetu hawakutaka wanafunzi wa miaka saba, wanaodondosha piki, kile kibamba cha kupigia nyuzi, ndani ya tundu la sauti kila dakika mbili, basi Jumanne zote zikawa zangu. Mwaka wa kwanza niliruhusu kila mzazi alipe kwa somo. Shule zilipofungwa mwezi wa sita wakapotea wote kwa pamoja, na Julai nikakopa kodi ya nyumba kwa shemeji. Tangu hapo wanalipa mwezi mzima kabla haujaanza, asiyefika amekula hasara yake. Hakuna mzazi aliyewahi kulalamika. Mimi ndiye niliyeogopa kusema.

Darasani siwapi karatasi ya namba za freti mpaka mtoto aimbe wimbo kwa mdomo. Asipoweza kuuimba, vidole vitakariri na vitasahau. Somo la kwanza hatugusi nyuzi. Tunapiga makofi kwenye mbili. Na kwa kuwa nahesabu kwa Kiswahili nikisahau nilipo, mtaa wetu sasa una watoto wa Tennessee wanaoanzisha nyimbo za Kentucky kwa "moja, mbili!" Bibi mmoja aliniuliza hicho ni Kilatini cha kanisa gani.

Kwa mliokuja kwa viza ya mwanafunzi, lingine la haraka: usipokee malipo ya onyesho nje ya chuo bila kuuliza ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Hata dola ishirini, hata mkononi. Piga vikao, vyote ni bure na ndiyo shule yenyewe. Jumamosi jioni ukipata usafiri nenda Carter Family Fold, ukumbi wa muziki ulioko Hiltons, Virginia, ukaone wazee wanavyocheza kwa viatu vyenye vyuma. Tazama nyayo zao zinakanyaga wapi, ndipo utajua chopu yako iko mbele au nyuma.

Na swali la ununuzi. Umbo la A, lile la tone la maji, lisilo na mikunjo ya madoido. Sauti haipungui na bei inashuka sana. Mpya ya kuaminika utaipata kwa dola mia sita hadi mia tisa. Chini ya hapo unanunua pambo la ukutani. Tenga dola themanini hivi za fundi akushushie nyuzi zikaribie freti, vinginevyo vidole vitakata tamaa kabla yako. Piki iwe nene, milimita 1.4 hivi, nyembamba inapiga kelele za kadi kwenye spoku za baiskeli. Weka nyuzi mbili za E za akiba kwenye mfuko wa mandolini. Ndizo nyembamba, ndizo zinazokatika kwanza, na huku milimani duka likifungwa Jumamosi mchana utasubiri mpaka Jumatatu.