Kabla ya bwawa, piga hesabu ya maji

Ndugu yangu, umeuliza kama vyumba sita vya wageni mnavyotaka kujenga Jambiani, Unguja, viwe na bwawa la kuogelea, ili mshindane na hoteli za Paje. Mimi ningeliacha. Pwani ile ni jiwe la matumbawe: maji baridi ya kisimani yanaelea juu ya maji ya bahari, na mkivuta kwa pampu kupita kiasi, chumvi inapanda. Wa kwanza kuumia ni jirani mwenye kisima, na ndiye huyo mtakayemwomba njia kesho.

Vuneni mvua ya masika kutoka kwenye paa. Kwenye hoteli ya kisiwa cha Chumbe, karibu na Unguja, wanafanya hivyo tangu miaka ya 1990, na vyoo vyao ni vya mboji, havivutwi maji. Karo lenu la maji machafu lisakafiwe mpaka chini; jiwe lile lina matundu, uchafu hufika kwenye mwani wanaolima kina mama baharini. (Mafundi watawaambia si lazima. Msiwasikilize.)

Samaki na pweza nunueni dikoni, wavuvi wanaposhushia, hapo hapo. Aprili na Mei wageni hupungua, basi mishahara ya miezi hiyo itengeni mapema. Na kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, nendeni kabla fundi hajashika kamba ya kupimia.