Kabla fidia haijatajwa

Ukipangiwa kusuluhisha mgogoro wako wa kwanza wa majitaka ya kiwandani huku Kanda ya Kati ya Tanzania, utakuta kila upande umeshika kiasi chake cha fedha. Waache waseme, usiandike bado. Anza na maji.

Huku mvua ni ya Desemba hadi Aprili hivi. Miezi mingine makorongo ni mchanga mtupu, na watu huchimba visima humohumo, vyao na vya ng'ombe. Kiwanda kikitiririsha kiangazi hakuna mto wa kuyapunguza makali. Kinachotoka bombani ndicho kinachozama kisimani. Sampuli ya masika peke yake itakudanganya. Mwanasheria wa kiwanda naye atasema chumvi ni ya ardhi, na huenda hasemi uongo: maji ya ardhini sehemu nyingi za Dodoma na Singida yana chumvi. Basi pima pia kisima kilicho upande wa juu wa kiwanda. Kama nacho kina chumvi ileile, ni heri ulijue mapema, uhamie kwenye BOD na COD (vipimo vya uchafu kwa oksijeni unayohitaji, cha kwanza ukiozeshwa na vijidudu, cha pili ukiunguzwa kwa kemikali), ambazo kiwango chake cha juu kwa majitaka yanayotolewa ni miligramu 30 na 60 kwa lita.

Sampuli zichukuliwe pamoja, mtu wa bodi ya maji ya bonde akiwepo, chupa zifungwe kwa lakiri na kila upande utie saini. Ya BOD ikae kwenye barafu. Ikishinda kwenye buti la gari, mmepoteza siku.

Waeleze wanakijiji mapema kwamba NEMC (baraza la taifa la mazingira) ikififilisha kosa, yaani ikilimaliza kwa malipo bila kesi, na kiwanda kikalipa, fedha hiyo ni ya Serikali. Fidia yao ni madai mengine, na madai ya madhara yana ukomo wa miaka 3. Mazungumzo hayasimamishi muda huo, hata yawe matamu kiasi gani (na matamu mno ndiyo ya kuogopa).

Kesi ikiwa tayari mahakamani, hati ya suluhu isajiliwe huko ili iwe tuzo, yaani amri ya mahakama, inayoweza kukaziwa (kutekelezwa kwa nguvu ya mahakama). "Kiwanda kitaboresha mazingira" ni sentensi ya kufuta. Andika bwawa lipi, lini, nani anapima, nani anailipa maabara. Kifungu cha kusamehe "madai yote yajayo" kikatae. Orodha ya wanufaika isitoke kwenye mahudhurio ya mkutano tu: wafugaji wanaonywesha korongoni Agosti hawatakuwepo ukiitisha mkutano Machi, kwa hiyo mtafute mtendaji wa kijiji mapema.