Jibu: Mpanda puto wa zamani aliyesimulia mwenyewe safari yake
Mkuu, uliyeuliza kama yupo mpanda puto wa kale aliyeandika kwa mkono wake: yupo. John Jeffries, daktari wa Boston. Tarehe 7 Januari 1785 aliruka na Mfaransa Jean-Pierre Blanchard kwa puto kubwa la hidrojeni (gesi nyepesi kuliko hewa), kutoka Dover, Uingereza, hadi Ufaransa, na mwaka 1786 akachapisha masimulizi yake London.

Patamu ni pale puto linaposhuka juu ya bahari. Wanatupa mizigo, nanga, makoti. Blanchard anavua hata suruali! Daktari hafichi kwamba walikojoa ili kupunguza uzito. Karibu na Calais, mji wa pwani ya Ufaransa, juu ya msitu, Jeffries akashika matawi ya mti kulisimamisha.

Gharama alilipa Jeffries, halafu Blanchard alitaka kuruka bila yeye. Jamani!