Muulize Mchora Ramani: Nyumba ya vyumba sita na mwekezaji wa ghorofa nane

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mtoto wa tatu kati ya watoto sita. Marehemu baba alituachia nyumba ya Kiswahili Kariakoo: vyumba sita, ukumbi katikati, uani nyuma. Mama bado anaishi chumba cha mbele na asubuhi anauza vitumbua barazani. Kaka mkubwa ameleta mwekezaji anayetaka kuvunja ajenge ghorofa nane. Atakusanya kodi miaka 15. Sisi tutapata fremu mbili za maduka za chini na ghorofa yote ya saba, na miaka hiyo ikiisha jengo ni letu. Wadogo zangu wamekubali. Mimi roho inakataa. Kulia na kushoto tumeshazungukwa na maghorofa, jua tunaliona saa sita tu. Kaka anasema nang'ang'ania udongo na mabati. Je, nyumba kama hii haistahili kuhifadhiwa? Na nikikataa peke yangu, naweza kuwazuia?
Mtoto wa Tatu, Kariakoo

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimekulia Ilala kwenye nyumba ya namna hiyohiyo, na nimekaa chumba cha ramani mpaka nikastaafu, kwa hiyo uvumilie nikirefusha.

Nianze na hilo la udongo na mabati. Kaka yako anaona kuta, mimi naona mchoro. Mlango mmoja barabarani, ukumbi ulionyooka mpaka uani, vyumba vitatu huku na vitatu kule, kila mlango ukitazama ukumbi. Mwenye nyumba chumba kimoja, vilivyobaki wapangaji: Mzaramo, Mmanyema, Mnyamwezi, Mngazija, na wake zao wote wanapikia uani mmoja, kwa hiyo ugomvi wa sufuria unaisha kabla ya jioni maana kesho mtakutana palepale. Kuta za miti na udongo zikapakwa chokaa. Paa likaanza makuti, likaja la madebe yaliyonyooshwa, mwisho mabati. Mtu wa kipato cha kibarua aliweza kuijenga chumba kwa chumba, kodi ya chumba cha kwanza ikanunua miti ya cha pili. Hakuna mbunifu wa ofisini aliyewahi kuupa mji huu mchoro uliowapa watu wengi pa kulala kuliko huo. Hata TANU ilizaliwa Julai 7, 1954 kwenye nyumba ya TAA, chama kilichoitangulia, mtaa ambao leo ni Lumumba, ukivuka tu uko kwenu Kariakoo.

Kwa hiyo ndiyo, inastahili. Lakini hukuniuliza inastahili tu, umeuliza kama kuna kitakachoilinda, na hapo utasononeka. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inayalinda yenyewe majengo ya kabla ya mwaka 1863. Sasa piga hesabu. Sultani Majid alianza kuujenga mji huu miaka hiyohiyo ya 1860. Maana yake Dar es Salaam karibu yote ni changa mno mbele ya sheria hiyo! Jengo la baadaye hulindwa pale tu Waziri anapolitangaza kwenye Gazeti la Serikali. Wanaotetea majengo ya kale hapa mjini hukimbilia ya Wajerumani kule ufukweni, makanisa, maboma, ofisi zenye veranda. Sina kinyongo na veranda. Ila nimehudhuria mikutano ya urithi wa mji ambako nyumba ya vyumba sita haikutajwa hata kwa bahati mbaya, wakati nusu ya waliokuwa wamekaa mle ukumbini bibi zao walipanga Kariakoo.

Kuna kitu kimoja ukakitazame leo: mlango. Mlango au fremu ya mlango iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa mashariki kabla ya 1940 inalindwa na sheria hiyohiyo, hata kama nyumba yenyewe hailindwi. Kama wa kwenu umechongwa na ni wa zamani kiasi hicho, usikubali dalali aje na pikapu usiku. Ofisi ya Mambo ya Kale iarifiwe kwanza.

Sasa niseme kitakachokuudhi. Nyumba ya udongo iliyobanwa na maghorofa mawili haina maisha marefu. Ukuta ule unahitaji jua na upepo ukauke baada ya mvua, na maji ya paa la jirani bila shaka yanamwagikia kwenu. Mngekuwa mtaa mzima, nyumba ishirini zikifuatana, ningekwambia pigana na ningekuja na mabango. Moja peke yake, mtaitia viraka kila masika mpaka mchoke, na mwishowe mtaiuza kwa hasira. Kwa hiyo nyumba inaweza kuondoka. Mkataba huo ndio usisainiwe.

Kwanza, hati ina jina la nani? Kariakoo nimeziona hati zenye jina la babu aliyefariki wajukuu hawajazaliwa, na huku watu wanasaini ubia. Kaka kuwa mkubwa hakumfanyi msimamizi wa mirathi. Anayemteua ni mahakama, na kwa mirathi ya Kiislamu au ya kimila Mahakama ya Mwanzo inatosha. Akishateuliwa, anasimamia kwa niaba yenu nyote, mali haiwi yake. Hapo ndipo swali lako la pili linapojibika: kama una haki kwenye kile kiwanja, unaweza kuweka zuio kwa Msajili wa Hati, na mwekezaji mwenye akili hatatia hela penye zuio. Ila zuio linakununulia muda tu. Utumie muda huo kuuvunja mkataba vipandevipande mezani, ndugu wote wakiwepo.

Tazama fremu. Kariakoo pesa iko chini, mlangoni, mteja anapopita. Huko juu ni stoo, gesti na ofisi za mawakala. Mwekezaji amewapa fremu mbili na "ghorofa yote ya saba" ili isikike ni kubwa. Muulizeni fremu za chini ziko ngapi kwenye mchoro, na kilemba cha kila fremu, ile pesa mpangaji anayoitoa ili aingie, anakipokea nani. Kilemba peke yake kinaweza kumrudishia sehemu nzuri ya gharama za msingi kabla hajamwaga zege la pili, na sijaona neno kilemba kwenye barua yako.

Halafu hiyo miaka 15. Inaanza lini: siku ya kusaini, siku ya kumaliza kujenga, au siku mpangaji wa kwanza anapoingia? Asipomaliza je? Lifti, pampu na mabomba nani anavitunza mwaka wa 13 na wa 14, mtu anapojua anaondoka? Mtakabidhiwa jengo lililochoka mwanze kulikarabati kwa mifuko yenu. Na hati yenu imebaki na miaka mingapi? Miliki hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Kama muda unaelekea ukingoni, huisheni kwanza. Jambo ambalo silisemi kwa kunong'ona: hati isiende benki kuwa dhamana ya mkopo wa mwekezaji. Biashara yake ikilala, benki itakuja kuchukua kiwanja cha baba yenu, ghorofa likiwepo au lisiwepo.

Tangu Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2008, inawezekana kila sehemu ya jengo ikawa na hati yake, ile watu wanaiita hati pacha. Daini hivyo. Ahadi ya mdomo kwamba ghorofa ya saba ni yenu haina mhuri.

Kuhusu ujenzi wenyewe sitanyamaza. Novemba 16, 2024 ghorofa liliporomoka hapohapo Kariakoo, zaidi ya watu 20 wakafa. Machi 2013 lilianguka la ghorofa 16 mtaa wa Indira Gandhi likiwa bado linajengwa. Kwa hiyo mwekezaji alete kibali cha ujenzi cha halmashauri chenye idadi ya ghorofa ileile iliyo kwenye mkataba, na majina ya mhandisi, mbunifu na mkandarasi waliosajiliwa. Majina hayo myathibitishe wenyewe kwenye bodi zao. Asiwaletee picha kwenye simu.

Mama yako umempa sentensi moja, kaka yako pengine hata hiyo hajampa. Katika mirathi ya Kiislamu mke aliyeachiwa watoto ana thumni yake, yaani moja ya nane, kabla ninyi hamjagawana kilichobaki. Kwa hiyo mama si mpangaji wenu wa kuhamishwa, ni mrithi. Atakaa wapi miaka ya ujenzi, na kodi ya huko analipa nani? Akirudi, atapanda ghorofa ya saba umeme ukikatika? Fremu moja ya chini iandikwe kwa jina lake. Vitumbua au kukodisha, aamue yeye.

Msipokubaliana na huyu, yupo mwingine. Kiwanja cha Kariakoo hakikosi mwekezaji, na anayewaharakisha ana sababu zake. Na huyo atakayekuja, mwambieni mbunifu wake aache uwazi katikati ya jengo, kutoka chini hadi paani. Baba na babu walijua uani ndio pua ya nyumba. Maghorofa mengi ya pale yamejaza kiwanja ukuta kwa ukuta, taa zinawaka saa nne asubuhi na feni hazizimwi. Mwekezaji atalia kwamba mnampunguzia fremu. Alie.

Kabla ya nyundo ya kwanza, pimeni nyumba. Futi kamba na watoto wawili wa kushika ncha zinatosha: upana wa ukumbi, urefu wa kila chumba, kimo cha baraza, mahali pa jiko. Picha za kila chumba, na paa kwa ndani. Mkae na mama mumrekodi akitaja chumba kwa chumba nani alipanga, alitoka wapi, alikuwa akifanya kazi gani. Nakala moja ipelekeni Chuo Kikuu Ardhi, wanafunzi wa usanifu wanatafuta michoro ya namna hii.

SWALI: Asalaam alaykum bibi. Nyumba yetu ya Malindi, Unguja, ukuta wa chini unamenyeka na kutoa unga mweupe. Fundi anataka kuupiga plasta ya saruji, anasema chokaa ni mambo ya wazee. Tumruhusu?
Bin Malindi

JIBU: Waalaykumu salaam. Msimruhusu. Ukuta wenu ni mawe ya matumbawe na chokaa, nao unavuta unyevu kutoka ardhini na kuutoa nje taratibu. Huo unga mweupe ni chumvi. Mkiuziba kwa saruji, maji yatapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, yatafika kwenye ncha za boriti zilizozama ukutani, na boriti zikioza dari inashuka. Miaka michache baadaye saruji nayo itabanduka, ikiondoka na jiwe.

Tafuteni kwanza maji yanatoka wapi. Mara nyingi ni bomba la choo cha juu, tangi linalovuja, au mfereji wa paa ulioziba. Kisha plasta iliyoharibika iondolewe, ukuta uachwe ukauke, halafu upakwe chokaa iliyolowekwa vizuri pamoja na mchanga na udongo mwekundu, tabaka nyembambanyembamba, moja ikishika ndipo ifuate nyingine. Ni kazi ya subira, fundi anayelipwa kwa siku ataipenda. Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000, kwa hiyo kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe kitangulie, hata kwa ukuta mmoja. Na kama kuna ufa unaoingiza kidole, aitwe mhandisi kabla fundi hajagusa kitu. Jumba la Beit al-Ajaib, hapohapo Mji Mkongwe, liliporomoka sehemu Desemba 25, 2020 mafundi wakiwa kazini, na wawili walifariki.

SWALI: Mama, soko la Kariakoo lilipoungua 2021, kwa nini hawakulivunja lote wakajenga la kisasa?
Mchuuzi, Buguruni

JIBU: Lile ni la kisasa, mwanangu, tatizo lenu mkiona zege la miaka ya 70 mnadhani ni gofu. Lilichorwa na Beda Amuli, miongoni mwa Waafrika wa kwanza kuwa wasanifu majengo Afrika Mashariki, likafunguliwa 1975. Yale mapaa kama miavuli iliyopinduliwa hukusanya maji ya mvua, yanainua dari juu na kuacha upepo upite, ndiyo maana mlikuwa mnauza mchicha mchana kutwa bila feni. Baada ya moto walikarabati hilo la zamani, na jipya la ghorofa likajengwa pembeni, pale palipokuwa na soko dogo. Mara hii nadhani walichagua sawa.

Wenye barua za viwanja: andikeni ukubwa wa kiwanja na miaka iliyobaki kwenye hati. Bila hivyo nawajibu kwa kubahatisha, na kubahatisha mnaweza wenyewe.