Shangazi hajakosea sana

Marahaba, mdogo wangu. Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma mara mbili. Umeuliza hela zangu zinaishia wapi, maana paa la mama pale Kibaigwa limeezekwa upande mmoja tu. Umeuliza pia kama wewe, uliyemaliza SUA, chuo cha kilimo cha Morogoro, shahada ya sayansi ya chakula, unifuate huku Uholanzi. Halafu ukanichomekea kwamba shangazi anawaambia watu sokoni kuwa mimi huku "ninasafisha".

Nianze na shangazi, kwa sababu hajakosea sana. Ninasafisha protini. Nachukua mashudu ya alizeti, haya haya mnayowapa ng'ombe, natafuta ndani yake protini moja na kuitenga na zingine zote. Ninayoitafuta ni albumini ndogo yenye methionini nyingi, kirutubisho ambacho maharage yetu yamepungukiwa.

Mashudu yanasagwa, mafuta yaliyobaki yanatolewa, unga unakorogwa kwenye maji yenye alkali ili protini iyeyuke. Ukitia tindikali mpaka pH, yaani kipimo cha uchachu, ifike karibu 4.5, protini nyingi inakatika kama maziwa yaliyoganda na kushuka chini. Ile ndogo ninayoihitaji haishuki, inabaki kwenye maji, na huko ndiko ninakoifuata. Kuna hatua nyingine ya kuganda ambapo tunatumia amonia salfeti. Baba akiona gunia lake ataniuliza nimelima ekari ngapi, maana ndiyo mbolea ya SA.

Taabu ni rangi. Alizeti ina asidi ya klorojeniki, ile iliyomo kwenye kahawa. Ikiwa kwenye alkali na kupata hewa, inaing'ang'ania protini na kila kitu kinageuka kijani. Unajua mama akitia magadi kwenye mlenda unavyobaki kijani? Kwa mlenda hiyo ni sifa. Unga wa protini wa kijani hakuna mwoka mikate atakayeugusa. Miaka yangu miwili ya kwanza iliishia kwenye kijani hicho.

Na kila hatua inakula. Ukibakiza asilimia 80 kila mara, na hatua ziko tano, mwishoni una theluthi tu ya ulichoanza nacho. Nimewahi kuanza na ndoo ya mashudu nikatoka na unga usiojaza kijiko cha chai, nikashangilia.

Kazi yenyewe iko kwenye chumba cha nyuzi joto 4. Navaa koti zito mwezi wa saba, wenzangu nje wanaota jua. Ile baridi ya Julai inayowafanya Dodoma mjini wavae masweta ni mzaha. Kuna Ijumaa moja pampu ilizima usiku, kolamu, lile bomba la kutenganishia protini, ikakauka, kazi ya wiki sita ikaenda. Niliketi sakafuni nikalia Kigogo. Hakukuwa na mtu wa kumsalimia hata "mbukwa".

Sasa hela. Nikiwa mwanafunzi, ufadhili uliisha kabla tasnifu haijaisha. Kwa miezi saba nilikuwa nasafisha ofisi jioni, kwa ndoo na kidekio. Kwa hiyo shangazi kwa kipindi hicho alikuwa sahihi kabisa, ingawa hakujua. Nyumbani niliwaambia "mambo safi". Hilo naliomba radhi, maana nadhani ndilo lililowafanya mfikiri nina mashine ya kuchapa yuro.

Leo ni daktari wa shahada (PhD), si wa hospitali, lakini wa mkataba. Mkataba wa kwanza ulikuwa wa mwaka mmoja, huu wa pili ni wa miwili. Ukiisha, naanza kuomba upya, labda nchi nyingine kabisa. Kodi ya nyumba inakula karibu theluthi ya mshahara, kodi ya serikali ilishakatwa kabla sijauona. Ninaishi vizuri, sikatai. Nakula, nalipa bima, natuma kidogo. Wa rika langu waliobaki na kununua mahindi Kibaigwa wana viwanja, mimi nina makala.

Uje au usije? Ukipata nafasi ya kusomea PhD ambayo unaajiriwa na kulipwa mshahara kwa miaka yote minne, njoo, nitakupokea stesheni. Ukipewa barua ya kukubaliwa tu isiyotaja nani analipa, usiuze ng'ombe wa baba. Na kabla ya yote, nenda Morogoro uombe kukaa maabara miezi mitatu kwenye sentrifuji, ile mashine ya kuzungusha na kutenganisha. Kama utachoka kurudia jambo moja mara arobaini, utachoka huku vilevile, ila utakuwa umechoka mbali.

Bati za upande wa pili nitatuma hela ya mwezi wa kumi na mbili. Geji 28, si 30, ile ya 30 upepo wa Kibaigwa utaibeba. Mlipe fundi mwenyewe, unitumie picha. Na shangazi mwambie nimesema ndiyo, ninasafisha.