Olympus imeuza kamera zake: maswali ya wapiga picha

Nina kamera ya Olympus E-M1 Mark II na lenzi nne. Baada ya Olympus kuuza, nimebaki na vyuma chakavu?

Hapana. Juni 2020 Olympus ilitangaza kuuza kitengo chake cha kamera kwa Japan Industrial Partners, kampuni ya uwekezaji ya Japani, na tangu 1 Januari 2021 kitengo hicho ni kampuni ya OM Digital Solutions. Olympus yenyewe ilibaki na vifaa vya hospitali. Kamera yao ya OM-1 ya 2022 bado iliandikwa OLYMPUS usoni. OM-5, iliyotoka baadaye mwaka huohuo, ikaandikwa OM SYSTEM, jina jipya la chapa.

Kifungio cha lenzi, yaani mahali lenzi inapofungwa kwenye kamera, hakikuguswa. Ni Micro Four Thirds ileile ya 2008, ambayo Panasonic nayo inaitumia. Lenzi zako zinaingia kwenye OM-1 bila adapta, na za Panasonic zinaingia kwenye kamera yako. Zipo kasoro ndogondogo: pete ya kubadili tundu la kupitisha mwanga kwenye Panasonic Leica 15mm f/1.7 haifanyi kazi kwenye bodi za Olympus, kwa hiyo utatumia gurudumu la kamera.

Kwa hiyo mmiliki mpya si hatari?

Hatari ni kifungio kuachwa, na hilo hutokea hata bila chapa kuuzwa. Konica Minolta ilipojitoa kwenye biashara ya kamera mwaka 2006, Sony ilichukua mfumo wake, na lenzi za kulenga zenyewe zilizoanza kuuzwa 1985 zikafunga kwenye Sony A100. Olympus, kinyume chake, iliziacha kamera zake za DSLR (zenye kioo ndani) za mfumo wa zamani wa Four Thirds (ya mwisho ni E-5 ya 2010) ikiwa mikononi mwa mwenyewe yuleyule. Mwenye lenzi za mfumo huo leo anahitaji adapta kama MMF-3, tena zinalenga vizuri kwenye bodi kama za E-M1. Kwenye E-M10 zinasuasua.

Betri nitapata?

Angalia namba ya betri, siyo jina la kamera. E-M1 Mark II, Mark III na E-M1X zinatumia BLH-1. OM-1 inatumia BLX-1, na OM-5 inatumia BLS-50 ileile ya E-M5 Mark III. Haziingiliani. BLH-1 halisi ni mAh 1720. Ukiuziwa ya umbo hilohilo iliyoandikwa 2500, muuzaji anakudanganya. Za bandia huonyesha chaji kamili kisha kamera ikazima ghafla, na zikivimba hukwama ndani. Usiing'oe kwa koleo, mpelekee fundi. Ya akiba ihifadhi ikiwa na nusu ya chaji.

Naona E-M1 Mark II za mtumba zimeshuka bei. Ninunue?

Kama unahitaji kamera ya kazi, ndiyo, lakini uliza shata (pazia linalofunguka kila unapopiga picha) imepigwa mara ngapi. Ya Mark II ilipimwa kwa mara 200,000, ya Mark III kwa 400,000. Waranti usiitegemee. Kabla ya kulipa, funga lenzi, washa kiimarishi cha kuzuia picha kutikisika, usikilize: mvumo mwepesi ni kawaida, kugongagonga si kawaida.

Kusasisha programu ya ndani ya kamera kunagoma. Tatizo ni nini?

Mara nyingi ni waya. Nyaya nyingi za chaja ya simu hupitisha umeme tu, data hazipitishi, hivyo kompyuta haioni chochote. Sakinisha OM Workspace (Olympus Workspace ya zamani ndiyo hiyo, jina jipya), chaji betri ijae, funga lenzi inayohitaji kusasishwa, kisha chomeka waya wa data. Kamera ikiuliza aina ya muunganisho, chagua hifadhi (Storage). Kabla ya yote piga picha kurasa za menyu kwa simu, maana mipangilio hurudi ya kiwandani. Kazi ikianza usiguse waya wala swichi: programu ikikatika katikati, kamera inaweza isiwake tena.